Ufizi wa Masika

Kavira mujukuu wangu,

Huku Mulekera tuko wazima, mama yako anavuna maharagi. Nakupita miaka tatu tu, mais niko mudogo ya babu yako, donc niko babu. Uniheshimu.

Unauliza juu ya damu yenye inatoka ku ufizi tangu ubebe mimba. Muke wangu Masika alikuwa hivyo mwaka jana. Mimi fundi wa kila kitu nikamwambia: «Ni mimba njo inaleta damu. Acha brosse ya meno.» Akaacha miezi mine.

Ku hospitali, mama muganga akamupima tumbo, akarudilia kupima. Akasema: «Fungua kinywa.» Kisha akanigeukia: «Papa, mutoto ni mudogo kuliko miezi yake. Sisemi ni ufizi peke yake, mais ufizi mugonjwa na mutoto mudogo banatembeaka pamoja. Nani alimukataza brosse?»

Na huu mudomo wangu wote, nikainua mukono kama mwanafunzi.

Leo mutoto ni muzima. Lakini siku banamuweka mukononi mwangu, nilifungua kitenge nihakikishe kama kuna mutu ndani.

Kesho sugua meno, kisha uende ku hospitali bakutazame kinywa. Si amri ya babu, ni kuomba nakuomba.

Babu yako wa Mulekera