Maneno Niliyomlisha Naserian

Themi, Arusha
Jumamosi

Dada yangu Skola,

Shikamoo. Mnaendeleaje huko Songea? Mgongo wa shemeji umepata nafuu? Na wanangu, wanaenda shule au bado wanaugua kila Jumatatu asubuhi? Mimi mwili mzima, nakula, nalala. Kila barua huwa naandika kwamba wasiwasi wangu uko kwenu, lakini safari hii uko hapa hapa kwangu, na nimeshindwa kukaa nao peke yangu. Tangu asubuhi nafua nguo ambazo hazikuwa chafu.

Nilikuambia kwamba kiwanda kilipouzwa walitupunguza, nikapata kazi ya kukata tiketi kwenye banda la video la Baba Eliya, yule Mchaga. Yaliyofuata sikukuambia, maana najua utacheka. Tulikuwa na mtafsiri, kijana aliyekaa na maiki pembeni ya runinga akiwaeleza watu kwa Kiswahili kinachosemwa kwenye picha. Akatukimbia, akaenda Dar. Baba Eliya akanitazama. "Wewe si umemaliza fomu foo? Shika maiki." Mimi, dada! Mimi niliyekuwa najificha nyuma ya gauni lako kanisani wakiita watoto wa komunyo.

Picha za Kizungu niliziweza, kwa kubahatisha na kwa kupiga kelele palipo na ngumi. Kisha zikaja kanda za katuni ya Kijapani, zilikutwa ndani ya mzigo wa redio za mitumba alizonunua Baba Eliya. Hazina Kiingereza hata neno moja. Ni wasichana wa shule wenye bendi ya matarumbeta. Mmoja ni mdogo, macho kama visahani, na akisimama mbele ya watu pumzi inamkatika. Huyo nikamwita Neema. Rafiki yake mrefu mwenye nywele za bluu nikamwita Naserian, maana jina hilo hapa kila mtaa lina mwenyewe. Watu wakaipenda. Jumapili mchana banda linajaa akina mama wanaofanya kazi kwenye mashamba ya maua Usa River, na watoto wao.

Kuna kipande ambacho Neema amekaa kwenye ngazi analia, hataki tena bendi. Naserian anakuja, anaongea weee, halafu anachukua tarumbeta mikononi mwa Neema na kuondoka nalo. Ningesema nini? Banda zima linanisubiri. Nikasema yaliyonijia: "Neema, sikuambii uache kuogopa. Ogopa, lakini usisogee. Mimi nitasimama nyuma yako. Lete hilo tarumbeta nikubebee, umechoka." Maneno hayo ni yako, dada. Uliniambia siku tuliyokwenda kwa baba mdogo kumweleza kwamba shamba la mama si lake. Akina mama walilia, na aliyelia kuliko wote ni jirani yangu Mama Furaha, ambaye chumba chake na changu tunapakana ukuta.

Mama Furaha ni mchuma waridi. Ni mpole mpaka anaudhi. Akikanyagwa, anayeomba msamaha ni yeye. Kule shambani kwao msimamizi huwaingiza kwenye nyumba za plastiki dawa ikiwa bado inadondoka kwenye majani. Wanatoka macho mekundu, na mwenzao mmoja alianguka akapelekwa zahanati. Wiki iliyopita Mama Furaha alimwambia yule msimamizi, "Mimi siingii mpaka dawa ikauke." Yeye! Sasa meneja amemwita Jumatatu, mbele ya kundi lake, aombe radhi. Asipoomba anaweza kufukuzwa, na ana watoto na mume hana. Kila jioni ananiambia kupitia ukutani, "Naserian alisema nisisogee."

Basi juzi Baba Eliya akapata kanda ileile, ila hii ina maandishi ya Kiingereza chini. Nikaitazama asubuhi kabla watu hawajaja. Dada, nilitamani ardhi ipasuke. Naserian pale kwenye ngazi hamfariji mtu. Anamwambia mwenzake: nimemwomba mwalimu akutoe, unaturudisha nyuma. Tarumbeta analichukua akampe mwingine.

Nimwambie? Nikimwambia, namvunja moyo siku mbili tu kabla ya kwenda kwa meneja. Nikinyamaza, namwacha aende ameegemea kitu ambacho hakipo. Natoka nje kuutazama mlima Meru, umejifunika mawingu, narudi ndani, nakaa, nainuka. Chai imepoa nikaipasha, imepoa tena. Nina hasira na Naserian kana kwamba ni mtu ninayeweza kumfuata kwao.

Jumapili jioni

Nimemwambia. Nilimkuta nje akimsuka binti yake Furaha kabla ya onyesho, nikayatoa yote kwa mkupuo. Aliendelea kusuka mpaka akamaliza mstari.

"Nilijua," akasema.

"Ulijua nini?"

"Kwamba unatunga. Yule msichana alikuwa ameshafunga mdomo, wewe bado unaongea tu. Hata Furaha aliona."

"Sasa mbona kila siku ni Naserian alisema, Naserian alisema?"

"Nikutaje wewe? Si ungeona aibu ukahama chumba." Akafunga nywele kwa uzi, kisha akanikazia macho, jambo ambalo sikulizoea kwake. "Ila aliyesema atasimama nyuma ya mwenzake ni wewe. Kwa hiyo kesho unakuja au huji?"

Hilo sikuwa nimelifikiria kabisa. Naona haya kukuandikia kwamba jambo la kwanza lililonijia ni kwamba Jumatatu nina zamu ya kufagia banda. Kuongea gizani na maiki, hakuna anayeniona, hilo naliweza. Kusimama mchana kweupe mbele ya meneja, sijui kama miguu yangu itanifikisha. Nikasema nitakuja. Nilisema kwa sauti ndogo, akanilazimisha nirudie.

Kwenye onyesho nilitafsiri kama ilivyoandikwa. Akina mama walimtukana Naserian mpaka Baba Eliya akaingia kuangalia kuna ugomvi gani.

Nisalimie shemeji, na mama mkubwa anayetuombea sote kwa majina, na yule binamu yetu fundi cherehani aliyeninyima majibu. Wanangu wakumbatie. Ukisali, ombea miguu yangu.

Mdogo wako asiyetulia,
Leokadia

Jumatatu

Dada, nimefungua bahasha tena, siwezi kungoja barua nyingine. Hawajasema kama atabaki kazini. Wanasema wataamua wiki hii. Lakini nikueleze nilichokiona.

Mlinzi alinizuia getini. "Unafanya kazi hapa?" Nikasema hapana. "Basi kaa huko huko." Karibu nirudi nyumbani, kwa kweli. Nikazunguka uzio wa waya mpaka nikawaona: meneja, msimamizi, kundi la wanawake wamejipanga na aproni zao, na Mama Furaha mbele peke yake, hajui mikono aiweke wapi. Palikuwa mbali, sikusikia kitu. Sikumwita, nikabaki nimeshika waya. Meneja akaongea. Mama Furaha akainamisha kichwa, nikajua ndiyo anaomba radhi. Halafu akageuka nyuma, akatafuta kwa macho kwenye uzio, akaniona.

Akamgeukia meneja, akaanza kuongea. Akaongea kwa muda mrefu kuliko nilivyowahi kumsikia. Sijui alisema nini, dada, na sitakutungia. Alipomaliza hakusogea. Mwanamke mmoja akatoka kwenye mstari, akaenda kusimama nyuma yake. Kisha mwingine. Kisha wakaenda wengi, mpaka mgongo wake nikawa siuoni tena.