Khocha, Nimechagua Ile Nyepesi

Chumba Na. 6, juu ya duka la mbegu,
Kitale.
9 Novemba 2025

Mpendwa Khocha Hesbon,

Mulembe. Mulembe sana. Uko aje huko Tallinn? Na Bilha na mtoto, wako salama? Nasikia mwezi huu jua lenu linazama saa kumi jioni. Mimi nikiambiwa hivyo naona kama adhabu ya kosa ambalo hata halijasomwa mahakamani. Kifua chako kile cha zamani, kimezoea baridi ama bado kinakusumbua? Tafadhali vaa vizuri, usijifanye kijana. Wewe ni mjomba wangu, umenizidi miaka sita tu, lakini sita ni sita.

Sisi huku tuko. Mama aliumwa na goti Septemba, akapata nafuu, sasa amerudi kupalilia mboga kana kwamba goti ni la mtu mwingine. Nilikuwa Kabuchai kwake Jumapili iliyopita. Miwa ya jirani imefika hadi kwa ua wa choo na hakuna anayeikata. Mvua bado inanyesha jioni.

Utashangaa kwa nini nakuandikia karatasi, sisi ambao mkate wetu ni kompyuta. Ni kwa sababu nimekutumia ujumbe wa WhatsApp mara tatu tangu Septemba. Kila mara naona alama mbili za buluu, halafu kimya. Si kwamba nakulaumu. Karatasi haina alama za buluu, kwa hivyo sitajua siku umeisoma na ukakosa kunijibu. Hiyo peke yake ni nafuu kwangu.

Sasa nikueleze jambo lenyewe, maana linakuhusu zaidi ya mtu yeyote. Ni ule ukurasa wetu wa mtandao wa chama cha wakulima cha kule mji wa Kwanza, ambao mtu anaandika jina lake na kupata siku yake ya mashine ya kukausha mahindi. Ulikuwa mzito, khocha. Ulipoujenga kwa ile framework kubwa, kiunzi kile cha code ulichonifundisha, ulisema simu za watu zitakuwa nzuri baadaye. Hizo simu nzuri hazikufika Kwanza. Zilifika za mtumba, kioo kimepasuka, netiweki inashika ukisimama kando ya choo cha stoo. Mkulima anafungua, anaona ukurasa mweupe karibu dakika mbili. Mzee mmoja alizima simu na kuiwasha mara nne, akaenda kwa fundi kuambiwa simu haina shida.

Oktoba, mahindi yalipoanza kuingia, nikaona niupunguze uzito mwenyewe. Nikakaa na code yako siku mbili nikitoa kila kitu nilichoona ni takataka. Humo ndani nikakuta kipande kidogo, kama mistari mitano, kinachogeuza kila l kuwa r, kwa daftari na kwa jina linaloandikwa, kabla halijatafutwa. Juu yake ulikuwa umeandika: "wa kwetu wasipotee." Nikacheka. Nikadhani ulikuwa unatania lugha yetu siku moja ukiwa umechoka. Nikakitupa.

Khocha, nilikosa. Unamjua Mama Phelista Nabwile, yule mjane wa karibu na stoo, aliyekuwa akitupa viazi vitamu tukienda kuangalia kazi. Kwenye daftari ya chama ni Nabwile. Yeye mwenyewe, kwa simu yake, aliandika Nabwire, vile anavyojiita tangu azaliwe. Ukurasa ukamwambia: "Jina halipo." Akaandika tena. Halipo. Hakuuliza mtu, maana alidhani chama kimemtoa kwa sababu bwanake alikufa. Alirudi nyumbani akakaa kimya wiki nzima, mahindi yakiwa maji kwenye turubai, mvua ikinyesha. Nusu yalishika kuvu, hata ng'ombe hapewi.

Na si watu wa Bungoma peke yetu. Mwenyekiti Munene, ambaye babake alitoka Nyeri, naye aliandika jina la mkewe vile wao hutamka, l ikiwa r, akaambiwa mkewe hayupo. Huyo alipiga simu akinigombeza, nikajua kuna kitu. Mama Phelista ndiye hakupiga.

Nilienda kwake. Nikasema yote. Nilimwambia kosa ni langu, hakuna aliyemtoa kwa chama. Akaniambia nikunje suruali. Tulikaa siku mbili tukichambua mahindi kwa mkono, mabovu huku, mazima kule, na kugeuza yale yaliyobaki kila jua lilipotoka. Aliniuliza habari zako mara nyingi. Nikawa namjibu kana kwamba tuliongea jana.

Kamati ikakaa tarehe ishirini na tano. Munene akasema wananipa hadi tarehe nane mwezi huu. Ukurasa ufunguke haraka na umjue kila mtu, ama warudi kwa daftari, na chama kitafute fundi mwingine. Wana haki. Kazi ya Kwanza ikiniponyoka, hiki chumba chetu cha kazi hapa Kitale sina sababu ya kukifungua asubuhi.

Basi nikaanza kutafuta framework nyepesi. Wewe unajua zilivyo nyingi, kila mmoja anasifu yake kama mama mboga. Nikabaki na tatu. Nikajenga ukurasa ule ule mara tatu, nikaenda nao Kwanza, nikaazima simu ya Wacuka, karani wa chama, nikasimama pale pale kando ya choo nikihesabu. Preact, sekunde nne. Svelte, nne. Alpine, tano. Kutoka dakika mbili, khocha! Kwa hivyo mbio hazikuniamulia kitu, zote zilikuwa zimeshinda.

Svelte niliipenda. Kazi ngumu inamalizwa kwa laptop yangu kabla ukurasa haujafika kwa simu ya mtu, simu haibebi mzigo. Lakini hata nikitaka kubadilisha neno moja, lazima nirudi Kitale kwa laptop niujenge upya. Alpine nayo ni maneno machache unayobandika ndani ya HTML yenyewe, yale maandishi ya ukurasa, basi. Niliidharau kidogo, nikaona ni ya watoto.

Nilichagua Preact. Nitakuambia ukweli kwa nini, kwa sababu kwa Munene nilisema mambo ya kitaalamu. Preact ni ndogo lakini mwandiko wake ni ule ule wa ile kubwa. Code yako ingehamia humo karibu yote ilivyo. Ungerudi hata baada ya miaka kumi, ungekaa chini, ungesoma, ungejua hapa ni pako. Machi uliniambia kwa simu kwamba Agosti mnakuja. Agosti ikapita. Nikasema labda Desemba. Nilikuwa nakuwekea mlango wazi, hiyo ndiyo framework niliyokuwa nachagua.

Nikaimaliza tarehe mosi. Nikampelekea Wacuka nimwonyeshe, maana yeye ndiye hukaa na wakulima kila siku. Huyo msichana alisoma HTML kidogo kwenye kozi ya miezi mitatu pale Kitale, na anauliza sana. Akataka kuona ndani. Nikamfungulia. Akasoma, akasoma, akaniambia haelewi hata mahali jina la mkulima linaandikwa. Nikamwambia asijali, hiyo ni kazi yangu. Ndipo akaniuliza, wala hakuwa na ubaya:

"Na wewe ukienda kama yule mwingine, si tutabaki tukiangalia tu?"

Nilisema nina haraka, nikatoka. Nilitembea hadi stendi na kupita stendi, bila kujua naenda wapi. Yule mwingine ni wewe, khocha. Hata jina hakutaja, amekuja chama baada yako. Na nikaona kwamba nilikuwa nimejenga nyumba nzima kwa kipimo cha mtu ambaye hayupo, na huyu aliyepo nimemfungia nje.

Niko mpweke, Khocha Hesbon. Wacha niiandike tu, maana kwa simu siwezi kuisema. Tangu uende naongea peke yangu nikifanya kazi, hata fundi cherehani wa chumba cha tano aliniuliza siku moja kama nimepata mwenzangu. Pale kibandani pa chakula cha mchana Mama Ciru bado anauliza, "Mwenzako?" na mimi bado nasema anakuja. Miaka minne, bana. Kazi unaweza kuifanya peke yako ukazoea. Kosa kulifanya peke yako ndilo gumu, hakuna wa kukuambia ulitupa kitu kilichokuwa na maana.

Niliporudi nilifungua ile ya Alpine niliyoidharau, ambayo Wacuka kwa HTML yake angeweza kuisoma. Nikaijenga vizuri kwa siku nne. Wacuka alikuja Kitale siku mbili akakaa kando yangu, na majina ya wakulima ameyapanga yeye kwa mkono wake, makosa mawili tu. Kile kipande cha l na r nilikiandika upya, na safari hii nikaandika maelezo marefu juu yake, ili mjinga mwingine kama mimi asicheke.

Halafu kukawa na kufuta ile yako kwenye server. Nakala ninayo kwenye laptop, usiwe na wasiwasi, lakini iliyokuwa hewani, ile watu walikuwa wakifungua kila siku, ilibidi itoke. Server ikaniuliza kama nina hakika. Nikabonyeza ndiyo. Sikuwa na hakika hata kidogo.

Ukurasa mpya ulifunguliwa Ijumaa, siku moja kabla ya siku yao. Umeshika. Mama Phelista aliandika jina lake kwa ile r yake, akapata Jumanne kwa yale mahindi yaliyobaki. Munene alinipa mkono, na wewe unamjua, kwake hiyo ni hotuba. Nikatoka nje nikiwa na furaha, nikashika simu nikupigie. Nikaangalia jina lako, nikairudisha mfukoni. Kwa hivyo nakuambia hapa.

Mama anakusalimu sana, wewe ndugu yake wa mwisho. Anasema hana la kukuuliza, anataka tu kusikia sauti yako ikisema umekula. Senge, shangazi yangu wa Lwakhakha, amemwoza binti, na ng'ombe wa mahari wamekuja wote. Mwalimu Jeremia anakusalimu, pia Wakonyo wa duka la mbegu hapa chini, ambaye bado anakuita injinia. Msalimie Bilha. Mbusu mtoto, mwambie ana binamu Kitale anayejua kupika ugali. Mungu aliyekupeleka ng'ambo akulinde huko huko, akupe joto, na akupe watu wa kuongea nao.

Usifikiri nimekasirika, wala usirudi kwa sababu ya barua. Kama Desemba haiwezekani, nitaelewa. Lakini nataka ujue kazi ilipofika, kwa sababu nisingependa uje siku moja ukafungua ile kazi, ukakuta huitambui, ukadhani tulikusahau. Kazini nimeacha kukungoja, khocha. Nyumbani sijaacha.

Mimi mwana wa dadako, nikupendaye bila kuchoka,

Jairus