Kwangu Hajambo, kwa Mke Mwenzangu Mgonjwa

Mpendwa Bi Skolastika, salaam, naomba unisaidie maana wivu unanimaliza. Mume wetu ana saratani ya kongosho, wake zake tuko wawili, mimi mkubwa nipo Ujiji na Yasmini yupo Mwanga, mji huuhuu, mzee huja kwetu kwa zamu, na huko Dar wamemwanzishia dripu za kuamsha kinga ya mwili, sasa kuna kompyuta yenye akili mnemba inasoma vipimo vyake na hali yake ya kila siku, ndipo inawashauri madaktari wampe tena dawa au wasubiri, na habari za kila siku anazituma nani kwa programu ya simuni? Yasmini! Eti ana simu janja na kidato cha nne. Daktari akipiga anaulizwa Yasmini, anasifiwa Yasmini, mimi niliyeolewa mzee akiwa hana hata baiskeli sijulikani kama nipo.

Mzee akiwa kwangu bibie hupiga, "Dada, mgonjwa kaamkaje?" Nami namjibu, "Kwangu hajambo, labda huko kwako ndiko anakougulia." Nataka hiyo mashine ijionee wapi anatunzwa. Jana kaharisha hadi damu, nikafua mashuka, Yasmini nikamjibu hajambo vilevile, naye mzee ana haya, akiulizwa husema, "Muulizeni Bi Mkubwa." Alhamisi anakwenda kwa dripu nyingine, wanasema kompyuta imeridhika. Nifanyeje nami nipate programu hiyo, wajue mke mkubwa yupo?

Bi Mkubwa, Ujiji

Bi Mkubwa, jibu hili nakutumia kwenye simu kabla ya kulipeleka gazetini. Programu iache kwanza. Umesema damu? Umeitaja kama mvua ya juzi!

Nakuhurumia. Kuwa mkubwa halafu usiulizwe kunauma. Lakini mashine haiyaoni mashuka yako, inajua inachoambiwa tu, na wewe umeiambia uongo. Mimi si daktari, ila najua dawa hiyo huweza kuifanya kinga ishambulie utumbo wa mgonjwa mwenyewe. Kuharisha damu ni jambo la kukimbilia hospitali leo, si Alhamisi.

Mpigie Yasmini sasa hivi. Mwambie, "Mdogo wangu, nilikudanganya," umweleze yote, yeye awapigie madaktari wa Dar. Wewe mpeleke mzee hospitali ya karibu, uwatajie dawa anayotumia. Aibu utaimeza njiani. Kuanzia leo, zamu yako ikifika, sema ukweli hata kama kwako ndiko anakougua zaidi.

Ukikataa, dada yangu, zamu zitakwisha zenyewe. Mtakaa eda wote wawili, na eda haina mkubwa wala mdogo.