Bedan, Jina Lililoondoka

Jumatatu, 9 Juni 2025

Mjukuu wangu ametimiza mwezi na bado tunamwita Baby! Kwetu kifungua mimba wa kiume huchukua jina la baba ya baba yake. Yaani Bedan. Mwanangu Wachira amekataa katakata. "Mathe, hilo jina lilitoka hapa na begi lake. Lisirudi."

Ni kweli. Bedan alituacha Wachira akiwa darasa la tatu, akaenda kuishi na mwanamke mwingine kule mtaa wa Pipeline. Basi mbona ni mimi ninayelipigania? Ee Mungu, hata sijielewi.

Jumatano, 11 Juni

Pasta Odongo atambariki mtoto Jumapili. Lakini lazima wazazi wataje jina na maana yake mbele ya kanisa. Mwelu, mke wa Wachira, akaniuliza: Mama, Bedan ni kusema nini? Mashati yake yote yale niliyofua, na maana ya jina lake siijui!

Nikafungua Biblia. Samweli wa Kwanza, sura ya kumi na mbili — Mungu alimtuma Bedani na wenzake wakawaokoa watu. Mwokozi! Nikapiga vigelegele peke yangu. Nikarudi kitabu cha Waamuzi kusoma alivyowaokoa. Gideoni yuko. Yeftha yuko. Samsoni na nywele zake. Bedani — hakuna.

Ijumaa, 13 Juni

Nimemuuliza Pasta. Naye amekuna kichwa. Wengine husema maana yake ni mwana wa hukumu, hakuna hakika. Biblia nyingine hata zimemtoa, zikaweka Baraka. Sasa ni mwokozi ama ni hukumu?

Wachira akaangua kicheko. "Hata kwa Biblia alihepa!" Nami nikacheka, Mungu anisamehe.

Jikoni Mwelu akanong'ona, Mama, kwani bado unampenda? Nikamwambia, akina mama wenzangu huita wajukuu wenye majina ya waume zao "mzee wangu", wanawatania wawaletee sukari. Mimi wangu ni nani?

Akafunika sufuria. Halafu: "Si tumpigie mwenyewe, tumuulize maana?"

Jumapili, 15 Juni

Yuko hapa! Bedan. Mvi kichwa kizima. Mwelu alimpigia kweli, na badala ya kujibu kwa simu amekuja. Hakukaa kitini. Amesema tu: "Mama Wachira, msimpe mtoto jina langu. Mpeni la mtu aliyekaa."

Nilidhani Wachira atafurahi. Wapi! Ameruka: "Wewe ndio utatuchagulia? Umekosekana miaka yote, leo umekuja kukataza? Ataitwa Bedan!"

Baba hataki jina lake, mwana amelishikilia. Wanafokeana hapo sebuleni, na kanisa linaanza sasa hivi. Naandika kitandani kwa mkono mmoja. Mtoto analia, Mwelu ameniwekea mapajani — mbembeleze, Mama, nivae.

Nimbembeleze nikimwita nani?