Sindano Tatu Zilizokosa Baridi

Jumanne, saa kumi na moja jioni. Wingu limeifunika Eldoret tangu asubuhi na mvua yenyewe haijaamua kunyesha. Nimevaa sweta mbili na bado vidole ni baridi.

Leo naandika jambo ambalo sikuliandika Jumapili.

Mke wangu, Mama Akinyi, alipandikizwa seli za kutengeneza damu wiki sita zilizopita huko Nairobi. Walizitoa kwenye damu yake mwenyewe wakazigandisha, wakampa dawa kali ya kuua saratani iliyokuwa ndani ya mifupa yake, kisha wakamrudishia zile seli taratibu kama mtu anayeongezwa damu. Zikashika. Tukarudi nyumbani tukiwa na furaha. Wiki iliyopita seli nyeupe za damu zikaanza kushuka, na daktari wetu wa hapa akaagiza sindano tano, moja kila asubuhi, za kuchochea mifupa itengeneze nyingine. Bila seli hizo, homa ndogo tu inaweza kumwondoa. Ndiyo maana hatuendi kanisani, na wajukuu tunawapungia mkono dirishani.

Sindano hizo hukaa kwenye friji. Sisi hatuna. Mama Njeri, mwenye duka la chini katika ploti yetu, akasema tuziweke kwenye friji yake ya soda, akanipa ufunguo wa mlango wa nyuma.

Mimi ni mtunza stoo wa shule kwa mwaka wa ishirini na mbili sasa. Nilichora jedwali kwenye daftari kwa rula: siku, saa, upande wa tumbo, joto la mwili, na safu ya mwisho nikaiandika "friji". Kila siku saa kumi na mbili na nusu asubuhi nateremka, naangalia kama friji inafanya kazi, nachukua sindano moja, naweka alama.

Hapo kwenye "naangalia" nimedanganya.

Sindano ya kwanza, ya Jumatano, sista alimdunga kliniki akinifundisha. Jumatano hiyo jioni Mama Njeri akafunga duka kwenda Cheptiret kwa matanga ya shangazi yake. Kabla ya kuondoka akachomoa friji, kama anavyofanya kila akisafiri ili stima isiishe bure. Dawa yetu aliisahau kabisa. Simlaumu, ni mazoea ya mkono. Mkono wangu nao ulikuwa na mazoea yake. Alhamisi niliweka alama, Ijumaa nikaweka, Jumamosi nikaweka. Asubuhi za Julai hapa kila kitu unachogusa ni baridi, hata ufunguo.

Jumapili nikaona plagi inaning'inia.

Nilisimama pale na sindano ya mwisho mkononi. Sista alikuwa ameniambia wazi: ikikaa nje ya baridi zaidi ya siku moja, usiitumie, nipigie simu. Ya Alhamisi haikuwa imemaliza siku. Tatu zilizofuata zilikuwa zimepitisha. Juu, Mama Akinyi alikuwa amejifunua tumbo, ananisubiri. Nikajiambia Eldoret yenyewe ni friji. Nikapanda, nikamdunga, nikaweka alama.

Hakuna aliyenikimbiza. Simu ilikuwa mfukoni na ilikuwa na chaji.

Jana alipimwa damu. Leo asubuhi tukaitwa. Daktari ni msichana wa rika la Akinyi wetu. Alifungua daftari langu, akapitisha kalamu kwenye ile safu ya mwisho, akatabasamu.

"Wagonjwa wangu wote wangekuwa na mzee kama huyu, ningelala vizuri."

Kisha akatuambia. Seli hazijapanda, zimeshuka tena. Kwa kuwa dawa imetolewa sawasawa na mifupa haijaitikia, huenda seli zilizopandikizwa zinashindwa. Itabidi atoboe mfupa wa nyonga achukue uboho leo hii, na Nairobi wajulishwe.

Mama Akinyi anaiogopa sindano ile ya mfupa kuliko ugonjwa wenyewe. Hakulia. Aliniuliza polepole kama nilibeba leso yake ya kujifunika.

Na mimi nikajibu kuhusu leso.

Tukakaa kwenye benchi nje wakati sista akiandaa chumba. Nilisikia vyuma vikiwekwa kwenye trei. Ndipo nikasema.

"Friji ilikuwa imezimwa."

"Friji gani?"

"Ya Mama Njeri. Tangu Jumatano jioni. Jumapili niliona, nikakudunga hivyo hivyo."

Aliniangalia juu ya barakoa. "Kwa hivyo ulinidunga maji."

"Sijui. Labda."

"Na ukaweka tiki."

"Nikaweka."

"Miaka ishirini na mbili unasumbua wapishi wa watu juu ya kijiko cha chumvi, Baba Akinyi. Kijiko! Mimi ndio umeshindwa kunihesabu?" Akanisukuma begani, na mkono wake hauna nguvu hata ya kusukuma mlango. "Simama. Enda umwambie huyo mtoto kabla hajanitoboa."

Nilienda. Daktari hakupaza sauti, na ingekuwa afadhali angepaza. Alipiga mstari mwekundu juu ya alama zangu tatu. Akasema pengine dawa iliharibika, pengine baridi ya hapa iliiokoa, hakuna anayeweza kujua kwa kuitazama. Mfupa utasubiri. Ataanza sindano nyingine tano, zote kliniki, ya kwanza leo.

"Ungeniambia Jumapili, Mzee, leo tungekuwa mbali," akasema, bila kuniangalia.

Mama Njeri amepanda jioni hii baada ya kusikia. Amesimama nje ya mlango na kulia. Mama Akinyi akamjibu kutoka kitandani, "Nyamaza wewe, ulichomoa friji tu. Huyu wangu alichomoa akili." Wakacheka wote wawili. Mimi nilikuwa naosha vikombe.

Daftari Mama Akinyi amelichukua. Anaandika mwenyewe sasa, herufi kubwa, mistari haijanyooka.

Nimekaa hapa nikijaribu kuomba na naona ombi langu ni la ajabu. Kama dawa ilikuwa nzima, basi mimi sijamdhuru, na seli zake ndizo zinazokufa. Kama niliiharibu, bado ana nafasi. Nimekuwa mtu anayeomba apatikane na kosa.

Jumatatu damu yake itapimwa tena. Naomba inikute na hatia.