Malkia Amepiga Deki

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumaini goti limetulia, na Baba hajaanza tena kukupa dawa zake za kubuni. Mimi mzima. Nimekonda kidogo tu, kwa hiyo usianze.

Mama, filamu imekwisha! Ile tamthilia uliyoifundisha shuleni miaka ishirini na sita tumeigeuza filamu, na sasa ina lifti na simu. Malkia amekuwa mjane wa ghorofa ya nne, na jeshi linalomvamia ni dalali na watu wake wanaokuja kumtoa. Dalali ni mwigizaji mkongwe wa jukwaani, tunamwita Radi. Alinguruma hadi fundi wa sauti akavua hedifoni. Tulipomweleza kwamba maikrofoni imo ndani ya shati, akaanza kuinama na kukinong'oneza kifua chake. Asubuhi nzima ikaishia kwenye kicheko.

Shida ilikuwa hotuba ya mwisho, ile ya mlangoni. Mtunzi, mzee wa miaka tisini, alituruhusu kwa sharti moja: hotuba hiyo isiongezwe neno wala kupunguzwa, la sivyo filamu haionyeshwi. Lakini malkia wetu aliisema kama mtoto anayekariri mbele ya mkaguzi. Mara kumi na moja! Nikakata tamaa.

Sasa kaa chini, Mama. Likizo iliyopita, ulipokuwa ukipiga deki jikoni huku ukiisema hotuba hiyo, nilikurekodi. Sikukuomba ruhusa. Nilimpa malkia asikilize; akaomba ndoo na tambara, akaisema yote akiwa amepiga magoti. Tulilia. Ila alikufuata mno. Pale ulipokatiza kumgombeza Baba aondoe miguu yake, sakafu haijakauka, naye akamgombeza Radi vilevile, na Radi akarudi nyuma akiomba radhi. Nilishindwa kukikata kipande hicho.

Juzi mtunzi alikuja kuitazama. Ilipofika hapo akataka tusimamishe, akauliza nani aliyeandika maneno yale. Nikakiri kwamba ni ya mama yangu, na hakuyaandika, aliyasema kwa hasira. Mzee alicheka hadi akavua miwani. Akasema siku zote alijua malkia wake amepungukiwa na kitu, asijue ni nini. Anaomba ruhusa yako ayatie kwenye chapa mpya ya kitabu.

Nami naomba msamaha wako, kisha ruhusa hiyo. Nijibu upesi. Msalimie sana Baba, umwambie miguu yake imeingia kwenye fasihi.

Ni mimi kitinda mimba wako,
mwizi wa sauti