Barakoa Naivua Mke Wangu Akishalala

Mama Mshauri, shikamoo. Naomba unisaidie, na ukiweza usikawie, kwa sababu hapa ninapokuandikia nimekaa kwenye kiti cha dereva, basi limeegeshwa uwanjani mwa shule, watoto wako madarasani, na ninaandika ili nisisinzie, maana nikiweka kalamu chini tu najijua.

Mimi ni dereva wa basi la shule, mwaka wa kumi na mmoja huu, watoto arobaini na wawili asubuhi na hao hao mchana, wadogo kabisa, wale ambao mkoba ni mpana kuliko mgongo, na wananiita Ndevu kwa sababu ya ndevu zangu ambazo nimezilea tangu ujana, na kusema kweli ndiyo fahari pekee niliyobaki nayo kichwani maana huko juu palishahamwa zamani.

Tatizo lilianza kwa kukoroma. Mke wangu, ambaye ni fundi cherehani, alivumilia miaka, mwisho akabeba mto wake akahamia chumba cha binti zetu, akaniambia, "Sikukimbii wewe, baba, nakimbia hilo trekta," tukacheka. Lakini Jumapili moja nimejilaza sebuleni baada ya chakula cha mchana akanipitia ameshika shati la mteja, akasimama, akanitazama, na aliponiamsha alikuwa analia. "Unanyamaza," akasema. "Unakoroma, halafu unanyamaza kabisa, kifua hakipandi, nahesabu mpaka ishirini, halafu unashtuka kama mtu aliyeopolewa majini." Akanipeleka hospitali yeye mwenyewe, nikalazwa nipimwe nikiwa usingizini, nyaya kuanzia kichwani mpaka kidoleni, na daktari akasema koo langu linajifunga nikilala, pumzi inakatika mara thelathini na nane kwa saa moja, ndiyo maana naamka kichwa kinagonga na mchana naweza kusinzia huku natafuna.

Nikapewa mashine, kijisanduku kinachokaa kando ya kitanda, kina mpira mrefu unaoleta hewa, na mwisho wa mpira kuna barakoa. Kwa kuwa pua yangu ilivunjika zamani uwanjani na mdomo hufunguka nikilala, ile ndogo ya puani tu hainifai, nikapewa ile kubwa inayofunika pua na mdomo kwa pamoja. Mama, hiyo barakoa ni adhabu. Usiku wa kwanza nilidhani nimezibwa uso na mtu. Hewa inavuja pembeni kwenye ndevu ikipiga filimbi, nikikaza mikanda inavuja juu na kunipuliza machoni, nikikaza tena inanichimba hapa katikati ya macho mpaka ngozi imetoka kidonda, asubuhi kinywa kimekauka kama gunia, na usoni nina mistari ambayo watoto wananiuliza, "Ndevu, umelalia nini?"

Lakini mke wangu alirudi chumbani kwetu. Hapo ndipo nilipokosea, Mama, sikukosea kwa chuki, nilikosea kwa furaha. Alirudi na mto wake, akasikia mashine inavuma taratibu badala ya trekta, akalala kama mtoto, na asubuhi akawapigia dada zake wote simu akinisifu jinsi nilivyo mwanamume anayesikia la daktari. Ningesema nini? Usiku wa tatu sikuweza tena, nikasubiri alale, nikaivua, nikaificha chini ya mto, mashine nikaiacha ivume. Na usiku wa nne hivyo hivyo. Leo ni wiki ya saba. Nimeshakuwa hodari, naamka kabla yake naivaa tena ili akifungua macho anione nayo.

Sasa sikiliza yaliyonifikisha kwako. Jumanne ya wiki iliyopita tunarudisha watoto, jua kali, wanaimba, nikasikia dada anayewasimamia ndani ya basi, sisi tunamwita Matroni, ananiambia, "Ndevu, umepitiliza nyumbani kwa mapacha!" Nikatazama nje. Kituo cha mafuta kilikuwa nyuma yangu, na daraja lilikuwa nyuma yangu, na mimi sikumbuki kituo wala daraja. Nilikuwa nimeshika usukani, macho nadhani yalikuwa wazi, lakini mimi sikuwepo. Nikacheka, nikasema mawazo, nikageuza.

Halafu jana. Jana gurudumu la mbele lilipanda njia ya waenda kwa miguu pale anapokaa fundi viatu, likakanyaga kigoda chake likakifanya vipande, na fundi mwenyewe hakuwa amekikalia kwa sababu tu alikuwa amevuka barabara kununua uzi. Watoto wakashangilia wakidhani ni mchezo. Fundi akarudi na uzi wake mkononi, akatazama vipande, akanitazama mimi. Angenitukana ningepata nafuu.

Mkuu wa shule alipouliza kwa nini bampa imekwaruzika, kabla sijafungua mdomo Matroni akajibu, "Mbwa alikatiza, mwalimu." Tulipobaki wawili akaniambia, "Leo nimesema mbwa. Kesho nitasema nini, punda? Mimi nina mwanangu kwenye basi hili, Ndevu." Na mimi sikulala kabisa jana, na leo asubuhi nimeendesha tena, nimefungua dirisha, nimejifinya paja mpaka limevilia damu.

Tena Jumatatu natakiwa nirudi hospitali na mashine, na nimesikia ndani yake mna kikadi kinachoandika saa zote ulizoivaa usoni. Basi naomba uniambie: kuna barakoa isiyoumiza? Au kuna dawa ya kunywa tu nikaachana na mipira hii? Mke wangu nimwambie, au nijitengeneze kwanza kimyakimya? Nikimwambia mkuu wa shule nitapoteza kazi, na kazi nyingine siijui. Na tafadhali usiniambie ninyoe ndevu.

Namba yangu ya simu nimeiandika nyuma ya bahasha, usiichapishe. Barua nitaipitisha hapo ofisini kwenu mwenyewe nikishashusha watoto.

Ni mimi,
Ndevu

*

Ndugu yangu Ndevu,

Marahaba. Barua yako niliikuta mezani Alhamisi saa nne asubuhi, na sikuiweka kwenye foleni. Niliisoma nikiwa nimesimama, nikageuza bahasha, nikapiga. Jibu hili nimelizuia wiki tatu kwa makubaliano yetu, na leo nalitoa kwa ruhusa yako, kwa sababu wakoromaji wanaonisoma ni wengi na kila mmoja anadhani ni trekta tu.

Wasomaji hawakuwepo kwenye simu ile, kwa hiyo niwaambie. Nilikuuliza, "Basi limezimwa?"

Ukasema, "Limezimwa, mama. Ni nani?"

"Ufunguo uko wapi?"

"Mfukoni."

"Upeleke kwa mkuu wa shule sasa hivi. Usikate simu, nakusubiri."

Ukasema kwa sauti ya mtu aliyeonewa, "Mama, mimi nilidhani utanijibu gazetini." Nikakuambia gazeti linatoka Jumamosi na watoto wanatoka saa tisa. Nikasikia mlango wa basi, nikasikia changarawe chini ya viatu vyako, ukasimama mara mbili njiani na mara zote mbili nikakuambia tembea. Halafu nikasikia ukibisha hodi na kusema, "Mwalimu, hakukuwa na mbwa." Hapo ndipo nilipokata simu, maana yaliyofuata yalikuwa yenu.

Sasa nikukaripie, maana barua umeileta kwa miguu yako mwenyewe. Wewe si mtu mbaya. Wewe ni mtu mchovu aliyejifunza kudanganya, na mchovu akijifunza kudanganya ni hatari kuliko mlevi, kwa sababu mlevi tunamnusa. Ulikuwa unajificha kwa mke aliyekuhesabia pumzi. Ulimwachia Matroni akusemee uongo, na mwanawe yumo kwenye viti vyako. Na katikati ya yote hayo unaniwekea sharti la ndevu! Ndevu, baba, huota tena. Mtoto wa watu haoti tena.

Haya, barakoa. Mimi si daktari, ila kabla sijashika kalamu nilivaa sare ya uuguzi miaka ishirini na mbili, na niliyokuambia jioni ile uliponipigia nayarudia. Hakuna dawa ya kunywa kwa tatizo lako, na atakayekuuzia chupa ni mwizi. Barakoa isiyoumiza ipo, lakini haiokotwi, inatafutwa, kama viatu. Ungepewa viatu vya namba saba na mguu wako ni wa tisa, ungekaza kamba? Wewe ulikuwa unakaza kamba. Mikanda ikikazwa kupita kiasi ule mpira laini wa pembeni unajikunja, na hewa inatoka zaidi, ndiyo ikakupuliza machoni. Barakoa inalegezwa, inakaa usoni kwa upole, na inapimwa ukiwa umelala chali mashine ikipuliza, kwa sababu uso uliolala si uso uliosimama. Nyama za shavu zinahama. Nilikuagiza umwambie muuguzi wa usingizi akupime mfupa wa pua na upana wa mdomo, na akuonyeshe zote alizonazo, hasa zile zinazofunika mdomo lakini zinaishia chini ya pua, hazigusi katikati ya macho palipotoka kidonda. Umuombe pia aweke mashine ianze kupuliza polepole na kupanda kidogo kidogo, na ajaze kile kichombo cha maji ili hewa ije na unyevu. Na mpira ule laini wa pembeni uoshwe kila asubuhi kwa sabuni isiyo kali, maana mafuta ya uso ndiyo yanayoutelezesha.

Na hofu ya kuzibwa uso haitibiwi gizani. Vaa mchana, umekaa, mashine imewashwa, unasikiliza redio au unamenya viazi. Dakika kumi leo, ishirini kesho. Ubongo ni kama punda, ukiusukuma unagoma, ukitembea nao unazoea.

Kuhusu mke wako uliniuliza kama umwambie au ujitengeneze kimyakimya. Kimyakimya ndiyo iliyokuleta kwenye njia ya waenda kwa miguu. Nilikuambia umwambie kabla ya Jumatatu, kabla kikadi hakijamwambia. Ulinipigia Jumapili jioni, ukaniambia alivyofanya, na nimeomba ruhusa yake kuliandika. Hakupiga kelele. Alizima cherehani, akasema, "Ilete." Akaivaa mwenyewe, akakaza mikanda kama ulivyokuwa unakaza wewe, akajilaza juu ya kochi mashine ikimpuliza. Hakufika dakika tano. Akaivua, akakaa, mistari usoni, akasema, "Kumbe." Kisha akakulaumu, na alikuwa na haki: "Mimi nimekuwa nikilala usingizi mtamu wiki saba, kando ya mtu asiyepumua." Hilo, ndugu yangu, hutalisahau, na usilisahau.

Jumatatu mlikwenda wote wawili. Kikadi kilionyesha jumla ya saa kumi na moja katika wiki saba. Mlijaribu barakoa nne, zote zikavuja kwenye ndevu, na hapo mke wako akaomba mkasi palepale. Muuguzi akasema mkasi hautoshi. Jioni hiyo kinyozi alikata kila kitu, na umeniambia chini yake kulikuwa na kidevu kidogo ambacho hata wewe ulikuwa umekisahau, na binti zako walicheka mpaka wakakaa sakafuni. Bila ndevu, barakoa ya nne, mliyorudi nayo nyumbani, ikashika. Usiku wa kwanza uliivaa kwa saa mbili, ukaivua kwa hasira. Wa pili saa tatu na nusu. Wa tano ukaamka alfajiri nayo usoni, na kwa muda hukujua kwa nini kichwa hakigongi. Juzi ulipata saa sita. Ila usiku wa saba uliitupa barakoa ukutani, umenieleza mwenyewe, na sishangai. Utaitupa tena. Ukishaitupa, iokote, ioshe, ivae.

Kwa fundi viatu ulipeleka kigoda kipya na ukamwambia ukweli. Akakujibu, "Nilijua. Niliyaona macho yako kwenye kioo cha basi." Alijua, akanyamaza, na wewe ukaendelea kuendesha. Ninyi mnaonisoma, mkimwona dereva wa watoto anasinzia, pigeni kelele. Ukimya si adabu.

Mkuu wa shule hakukufukuza wala hakukuahidi kitu. Amekupa kazi ya kukagua magari na kusimamia stoo, na kiti chako anakikalia mtu mwingine. Hapo ndipo unapouliza sasa, kwenye ujumbe wako wa jana: kwamba unajisikia mzima, kwamba watoto wanamuuliza Matroni Ndevu yuko wapi, kwamba kila asubuhi basi likiwashwa unasimama mlangoni pa stoo na mikono inawasha, na je, huwezi kuomba angalau safari moja, ya karibu, ya mchana?

Huwezi. Kujisikia mzima ndiko kulikokuvusha daraja bila kuliona. Utasimama mlangoni pa stoo na itakuuma, acha iume. Utarudi kwenye usukani siku daktari atakapokupima upya na kuandika kwa mkono wake kwamba uko macho, si siku utakapowakumbuka watoto sana. Inaweza kuwa miezi mitatu. Inaweza kuwa zaidi. Ukimwomba mkuu wa shule safari hiyo moja, nitajua, kwa sababu namba ya Matroni ninayo.

Mpaka siku hiyo una kazi moja tu mkononi, baba, na uifanye kama mtu anayelipwa: kalale.

Mama Mshauri